Bonde la Washauri

Kaliua mboga zina misimu miwili: msimu wa kugawiwa bila kuomba na msimu wa kuomba bila kugawiwa. Kuanzia mvua zinapoingia Novemba mpaka zinapokatika Aprili, mlenda unajiotea pembeni mwa njia, matembele yanatambaa hadi mlangoni, majani ya kunde na ya maboga hayana bei, na uyoga unatoka porini kwa ndoo. Ukimpelekea jirani mchicha mwezi Februari atakushukuru kwa mdomo, kisha atauacha uani kwa ajili ya kuku. Ngoja ifike Agosti. Mchanga unachoma nyayo, miombo imepukutisha, na fungu la mchicha sokoni limekonda hata kamba iliyolifunga inaonekana kunenepa. Wenyeji walishajipanga. Wana nsansa zao, majani ya kunde yaliyokaushwa tangu masika, wamezihifadhi ndani na hawana habari na soko. Anayehangaika ni mtumishi aliyeletwa huku kwa barua ya uhamisho, na mtumishi huyo kila mwaka hupata wazo lilelile: kwani kulima mboga kuna ugumu gani?

Wazo hilo lina historia ndefu nchini. Katikati ya miaka ya 1970, chakula kilipoadimika, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na hata makarani wa mjini wakatakiwa washike jembe. Marehemu baba alikuwa mmoja wao. Alipewa kipande nyuma ya ofisi, akapanda mahindi. Kwa maelezo yake mwenyewe, waliokufa ni mahindi na waliopona ni ngedere.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia, Mzaramo wa Kisarawe. Udongo naufundisha. Aina zake, matabaka yake na mmomonyoko wake naweza kukuchorea ubaoni nimefumba macho. Kwa hiyo nilipokwenda kuomba kipande cha bustani, nilikwenda kifua mbele.

Nje kidogo ya mji kuna bonde ambalo maji yake hayakimbii mbali. Ukichimba kina cha mtu unayakuta hata Septemba. Bonde hilo ni la bibi mmoja ambaye kila kiangazi hulikata vipande na kuvikodisha kwa watu wa mjini. Anapima kwa hatua zake mwenyewe, na yeye ni mfupi. Nilimshikamoo, akanimarahaba, akanyoosha mguu, akahesabu hadi mwisho wa kiwanja changu kabla sijamaliza kukunja suruali. Nilipojaribu kusema kwamba hatua ya kawaida ya mtu mzima ina urefu fulani unaojulikana, aliniuliza kama nataka kipande au nataka mtihani.

Majirani zangu bondeni walikuwa muuguzi, fundi cherehani, mstaafu wa reli, kijana wa bodaboda, na Mnyamwezi mmoja mwenye kicheko kikubwa. Huyo aliposikia natoka Kisarawe aliweka jembe chini akanyoosha mikono juu. "Mtani! Mungu hamtupi mja wake!" Asiyejua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi asiuchukulie hivihivi. Ulianza zamani za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka na pembe za ndovu hadi pwani na kukaa na wazee wetu miezi kadhaa wakisubiri safari ya kurudi. Katika kukaa huko walitukanana sana, wakazikana sana, na baada ya hapo hakuna aliyeruhusiwa kukasirika. Maana yake ni kwamba mtani wangu anaweza kung'oa vitunguu vyangu mchana kweupe mbele ya diwani, nami natakiwa nicheke.

Sasa kuhusu ushauri. Bonde lile lina ukame wa kila kitu isipokuwa ushauri. Siku ya kwanza niliinua matuta, maana Unyamwezi wote ni matuta: mtu anafukia majani chini, anapandisha udongo juu, majani yanaoza humo, na shamba linapata mbolea bila kununua. Mtani akapita, akasifu. Muuguzi akapita, akasema matuta ya kuinuka ni ya masika, kiangazi yanakausha maji, nitengeneze matuta mbonyeo, yaani nishushe kitanda chini ya usawa wa ardhi ili maji yatulie. Nikashusha. Mstaafu wa reli akapita, akasimama, akatikisa kichwa. Akasema amefanya kazi njia yote kuanzia hapa Kaliua mpaka Mpanda, na katika reli ile yote hajaona mtu anayepanda mboga shimoni. Nikainua nusu, nikaacha nusu chini. Kijana wa bodaboda akauliza kama nachimba msingi wa nyumba.

Mtu akikuambia ushauri haudhuru, mpeleke Urambo. Ni hapo jirani tu, na wilaya yetu ilimegwa huko mwaka 2012. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Bwana mmoja wa kampuni ya United Africa, Frank Samuel, akashauri karanga zilimwe Tanganyika. Wakatumwa wataalamu watatu chini ya John Wakefield waje kuangalia. Waliangalia kwa wiki tisa, sehemu kubwa kutoka kwenye ndege, kisha wakapendekeza shamba la zaidi ya eka milioni tatu. Mwaka uliofuata kazi ikaanza Kongwa, halafu ikaja Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita aina ya Sherman vilirudishwa kiwandani kwa Vickers, vikavuliwa mizinga, vikatoka matrekta yaliyoitwa Shervick. Minyororo ya nanga za meli ilifungwa kati ya matrekta mawili ili ing'oe miti. Nyuki wa kwenye mashina hawakukubali, wakawapeleka watu hospitali. Udongo wa Kongwa kiangazi uligeuka zege na karanga zikabaki humo ndani. Januari 1951 serikali ikasalimu amri, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Husimuliwa kwamba mbegu zilizoletwa zilikuwa nyingi kuliko karanga zilizovunwa. Urambo ikageukia tumbaku, na tumbaku ndiyo ipo mpaka leo.

Somo hili nalifundisha kila mwaka na wanafunzi wanalipenda, hasa pale kwenye vifaru. Mwaka ule, nilipokuwa naeleza kwamba kosa kubwa la Waingereza lilikuwa kutopima udongo na mvua kabla ya kuanza, msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. Nyumba yao iko juu ya bonde. "Mwalimu," akasema kwa adabu zote, "na wewe ulipima?" Nikampa kazi ya nyumbani.

Turudi bondeni, kwenye kitalu. Nilisia mchicha, nyanya, chainizi na bamia, nikatandaza nyasi juu, nikamwagilia kwa keni asubuhi na jioni. Miche ilichomoza vizuri. Siku ya pili yake ilikuwa imepungua. Fundi cherehani alisema ni panzi, mstaafu akasema ni ndege, bibi mwenye bonde akasema ni kuku wake na hana mpango wa kuwafunga. Mke wangu akanipa chandarua kuukuu ambacho tayari kilikuwa na matundu ya kupitisha ngumi, kikashindwa kazi yake ya mbu na sasa kinatafuta kazi nyingine. Nikakitundika juu ya kitalu kwa vijiti vinne, nikachomeka kingo chini ya udongo. Kilipendeza. Kilipendeza hata bwana afya wa kata, aliyekuwa anapita na pikipiki kwenda kukagua vyoo, akazima injini akashuka.

Ndani ya chandarua walikuwemo kuku wawili. Waliingia kwa tundu moja na kushindwa kulikumbuka, na kwa kuwa wakati wanao, walikuwa wamemaliza chainizi yote na kuanza nyanya. Bwana afya aliwatazama, akanitazama mimi, akawatazama tena. "Mwalimu," akasema, "hawa wako kwenye kundi gani? Wajawazito au watoto chini ya miaka mitano?" Habari hiyo ilifika shuleni kabla yangu. Mpaka leo nikiingia ofisi ya walimu kuna mtu lazima aulizie afya ya kuku.

Miche iliyosalia niliihamishia bustanini kwa uangalifu wa kubeba mayai. Nyanya zilikuwa aina ya Tengeru 97, mbegu iliyotoka kwenye utafiti wa Tengeru kule Arusha, na karatasi yake ina picha ya nyanya ambayo ningeipigia saluti. Zikaota, zikashika, zikaanza kurefuka. Nyanya zinazorefuka zinahitaji mambo ya kuegemea. Nikakata fito porini nikachomeka. Mchwa walikuwa wanasubiri hilo tu. Zile fito zilikuwa nzima kwa nje, na ndani zimejaa udongo mtupu. Ukiegemeza kidole fito inakaa chini na nyanya inaisindikiza.

Ndipo mtani akaniambia nitumie matawi ya mbono. Mbono mchwa hawaupendi, ni mti wa ua, kila mtu anaujua. Nikachomeka mbono mstari mzima. Ushauri huu, kwa mara ya kwanza, ulifanya kazi, tena kupita kiasi. Yale matawi yalikuta ardhi yenye samadi, maji ya keni mara mbili kwa siku, na mwalimu anayeyapalilia. Yakachipua. Yakatoa majani mapana. Kufika mwisho wa Septemba mambo yangu yalikuwa yamestawi, yana kivuli, na chini ya kivuli hicho nyanya zilikuwa zimepauka kwa kukosa jua. Mpita njia alinisifu kwa ua zuri akauliza ndani yake nitapanda nini.

Nyanya zilizobaki zikaingiwa na kantangaze. Mdudu huyu ni msafiri kweli. Asili yake Amerika ya Kusini, mwaka 2006 alionekana Hispania, mwaka 2014 akapiga hodi Tanzania, na mimi ninayefundisha misafara nilijikuta na heshima ya kumpokea. Nondo wake ni mdogo, huwezi kumwona. Unachoona ni jani lenye mistari myeupe, kwa sababu kiwavi anaishi ndani ya jani, katikati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula kilicho kati. Nilifungua jani moja kwa ukucha nikamkuta: kijani, mfupi kuliko punje ya mchele, kichwa cheusi, ametulia. Bonde likapokea habari hizo kwa furaha. Nyunyiza majivu. Nyunyiza maji ya mwarobaini. Chemsha pilipili na kitunguu saumu na sabuni ya unga. Mtani alisema kwao wanawaambia wadudu waende Kigoma. Nilichanganya vyote isipokuwa Kigoma, nikanyunyiza upepo ukiwa unakuja upande wangu. Kiwavi yuko ndani ya jani, ana paa na sakafu. Aliyekuwa nje ni mimi.

Bamia, lakini. Bamia sikupewa ushauri wowote kwa sababu wote walikuwa wanashughulikia nyanya, na ilizaa. Ilizaa asubuhi, ukikata ikazaa jioni, ukisafiri siku mbili unakuta imekuwa mwiko. Tukala bamia na ugali, bamia na wali, bamia na dagaa. Watoto walianza kuomba kwenda kula kwa majirani, na majirani walianza kufunga milango, maana kila mtoto wangu alikuwa anatumwa na kifurushi. Mke wangu akapendekeza tuwauzie abiria wa treni. Stesheni ya Kaliua ni mahali pa biashara, njia ya Mpanda inachepuka hapa kutoka ile ya Kigoma, na treni ikisimama kina mama wanazunguka madirishani na karanga, mayai, ndizi na asali ya Tabora kwenye chupa. Nilisimama katikati yao na beseni. Abiria wa daraja la tatu alinitazama kwa muda mrefu kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, "Mzee, hizi nazila hivihivi?"

Bamia hiyo ndiyo iliyoniletea habari ya hongo. Njia ya kwenda kipande changu inapita kando ya kipande cha mtani. Jioni moja nilikuwa natoka na beseni, nimefuatana na mkuu wangu wa shule aliyekuja kuona hiyo bustani inayosemwa, mtani akatokea katikati ya njia, akapanua miguu na kuinua jembe. "Toa hongo, Mzaramo!" akapaza sauti. "Hii ni nchi ya Mirambo!" Mkuu wangu aliruka. Ilibidi nimweleze pale pale kwamba watemi wa njia ya msafara walikuwa wakitoza kila aliyepita, kwa vitambaa na shanga, na kwamba mwaka 1871 Mirambo aligombana na Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya Ujiji kabisa, hata Stanley aliyekuwa anamtafuta Livingstone akalazimika kuzunguka upande wa kusini. Mkuu alisikiliza. Kisha akasema kwa hiyo ndiyo au siyo? Nikatoa bamia. Tangu hapo kila jioni nilitoa bamia, na mtani hakuacha kulalamika kwamba Waarabu walitoa zaidi.

Samadi, sijaisema. Niliinunua kwa mfugaji wa Kisukuma mwenye ng'ombe upande wa pili wa bonde, akaileta kwa mkokoteni wa punda. Katika samadi hiyo likaota boga ambalo hakuna aliyelipanda. Nililiona likiwa na majani mawili nikaliacha kwa ukarimu. Boga halijui ukarimu. Lilipita kwangu, likapanda mbono, likateremka kwa muuguzi, likazunguka kisima, na huko mbali kabisa, ndani ya kipande cha fundi cherehani, likaamua kuzaa. Lilizaa boga moja tu. Jamani, lakini boga lile! La kijivu lenye mistari, limekaa kwenye kitanda cha vitunguu vya fundi limevilalia vyote, na kila asubuhi mtu alikuwa anakwenda kulipapasa kuona limeongezeka kiasi gani.

Siku lilipokomaa ukaanza mgogoro. Fundi alisema limelala kwake na limeua vitunguu vyake, ni lake. Mimi nilisema shina liko kwangu, maji ni yangu. Muuguzi akasema maji ya mwalimu yanatoka kisima alichochimba yeye. Mfugaji, aliyekuja kudai salio la samadi, alisikiliza kidogo akatia neno: mbegu ilikuwa ndani ya samadi, samadi ilitoka kwa ng'ombe, ng'ombe ni wake. Bonde lote likanyamaza, maana hoja ilikuwa nzito. Tukampelekea bibi.

Bibi alikalia ndoo iliyopinduliwa. Alitusikiliza mmoja mmoja, akamgeukia mfugaji. "Mwanangu, ng'ombe wako alikula boga la nani hata akapata mbegu?"

Mfugaji akatazama fimbo yake. Fundi cherehani akasimama taratibu. Akakumbuka, mbele ya watu wote, kwamba masika yaliyopita ng'ombe fulani waliingia shamba lake la juu usiku wakala maboga yote, ya kijivu, yenye mistari, na mwenye ng'ombe hakujulikana mpaka leo. Kwa hiyo hili lililolala kwenye vitunguu vyake si la kuokota, ni mjukuu wake, limerudi nyumbani kwa miguu yake. Mfugaji akasema maboga yenye mistari yapo kila mahali. Fundi akasema basi alete mengine. Mstaafu wa reli, ambaye hakuwa na hisa yoyote, alishauri likatwe vipande sawa. Kijana wa bodaboda akasema lipimwe kwanza. Bibi akasema tukalilete alione.

Tulikuta vitunguu vilivyolaliwa, na alama ya duara kwenye udongo.

Jioni mtani alikuja nyumbani na bakuli lililofunikwa kwa sahani. Alikuwa amezungukia wote: bibi amepata sehemu kubwa, fundi na mfugaji wamepata sawasawa ili wasigombane, muuguzi kapewa na mbegu. Changu kilikuwa vipande viwili. Nikauliza kwa nini mwenye shina apate vipande viwili. Akanihesabia kwa vidole. Hongo ya kupita kwake imeshakatwa. Upagazi wa kulibeba kutoka bondeni hadi jikoni umeshakatwa. "Babu zangu waliwabebea pembe mpaka pwani, mkawalipa kitambaa kilichochakaa. Mimi sikopeshi tena Wazaramo."

Mke wangu alishaonja. Boga lilikuwa limepikwa kwa karanga za kutwanga, zito, mafuta yamejitenga pembeni. Akaonja tena, akauliza karanga hizo zimetoka wapi, maana za sokoni hazina utamu ule.

"Urambo," akasema mtani. "Kwa shemeji yangu."

Nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza shemeji yake analimia nini huko.

"Jembe la mkono," akasema. "Tena la kuazima." Akaaga, akafika mlangoni, akageuka kutukumbusha kwamba bakuli la watu halirudi tupu, ila bamia hataki tena.